Inzi wa Msuku Wangu

Jana nilikuwa natoka dukani hapa Lizaboni, mjini Songea, nikapita pale mama mmoja anapopanga matunda juu ya gunia, nikasimama bila kukusudia kusimama. Alikuwa na masuku, beseni zima. Harufu ya masuku yaliyoiva haifichiki. Ni utamu ulioanza kuchacha kidogo, kama togwa la siku ya pili. Inzi walikuwa wamejaa juu ya beseni, na mama yule alikuwa anawafukuza kwa kitawi cha majani. Alipoona ninavyotazama akaniambia nichague tu, yameoshwa. Alidhani natazama masuku. Mimi nilikuwa natazama inzi.

Sikusoma sana, niliishia la saba, ila nina mazoea ya kuandika mambo yangu, na kila nikimaliza ukurasa huwa naurudia nikijiuliza kama kweli ilikuwa hivyo au nimejipendelea. Kwa hiyo haya yachukueni kama ninavyoyakumbuka. Mahali ambapo sina hakika, nitasema sina hakika.

Kwetu ni Mshangano. Siku hizi ukitaja Mshangano watu wanaona nyumba za bati la rangi na barabara, lakini tulipokuwa wadogo ilikuwa mashamba, na nyumba na nyumba ziliitana kwa mbali. Baba alikuwa seremala. Kiwanja chake alikikuta pori, na miti aliyoikuta aliimaliza kwa kuchomea tofali za nyumba yetu. Majirani nao walifanya hivyohivyo, tanuru baada ya tanuru, mpaka ukisimama mlangoni kwetu ukawa unaona mahindi tu. Akaacha misuku miwili. Mmoja ulikuwa mbele, karibu na dirisha la chumba cha wazazi. Mwingine ulikuwa nyuma, katikati ya jiko na choo.

Nyumbani kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake kikishakatika kinafukiwa chini ya mti, na mti ule unakuwa wake. Hakuna anayebishana. Hata mgeni akikaa kivulini anaambiwa, huu wa fulani. Dada yangu Otilia alizaliwa kwanza, akapata wa mbele. Mimi nikaja nikapata wa nyuma. Hakuna aliyenionea, kwa sababu mti wa tatu haukuwepo. Hilo nalisema mapema maana huko mbele mtaniona kama nalalamika.

Msuku wa Otilia ulikuwa unazaa mpaka matawi yanainama. Mvua za kwanza zikianza tu, masuku yalikuwa yanadondoka usiku juu ya majani makavu, na majani ya msuku ni makubwa na magumu, kila tunda likianguka unasikia kama mtu amekanyaga. Nilikuwa nalala nasikia utajiri wa dada yangu ukianguka. Asubuhi Otilia alikuwa anaamka kabla ya wote, anaokota, anajaza kapu. Mengine yaliyokuwa hayajaiva vizuri aliyavundika kwenye chungu cha majivu nyuma ya mlango, na mimi nilikatazwa kukigusa. Alikatazwa kila mtu, si mimi peke yangu, lakini nilikuwa nahisi ni mimi.

Wageni wakija, mau, ndivyo tulivyomwita mama, alikuwa anasema, "Otilia, walete wenzako masuku." Padre akipita kubariki nyumba, masuku ya Otilia. Mwalimu mkuu, masuku ya Otilia. Alibeba beseni kichwani mpaka shuleni, na walimu walimjua jina kabla hajafika darasani kwao. Mimi nilikuwa nafuata nyuma na vikombe.

Nisiwe mwongo, Otilia hakuwa mchoyo. Alikuwa ananichagulia makubwa. Alikuwa anapasua ganda kwa meno, anatoa ile nyama ya njano, ananipa mimi kwanza ndipo naye anakula. Angeninyima ningekuwa na la kusema. Alivyokuwa ananipa, sikuwa na pa kuweka ule uchungu, ukabaki tumboni pamoja na masuku.

Msuku wangu wa nyuma haukuzaa hata mara moja. Ulikuwa mkubwa kuliko wa dada, wenye kivuli kizito, na masika yaliposhika baada ya Krismasi ulikuwa unatoa maua mengi kuliko wa kwake. Yalikuwa vibonge vidogo vya njano, vimebanana kwenye matawi. Kila mwaka nilikuwa nayatazama nikisema mwaka huu ni wangu. Kisha yananyauka, yanadondoka, pale chini panakuwa pa njano kama mtu amemwaga pumba, na juu hakuna kitu. Wa dada ulikuwa na vijiua vya hovyo, kimoja kimoja, vya kijani, huvioni mpaka usogeze pua. Na ndivyo vilivyogeuka masuku.

Kitu pekee kilichoupenda mti wangu ni inzi.

Walikuwa wanakuja kwa wingi wakati wa maua. Walikuwepo wa kijani wanaong'aa kama chupa ya bia. Walikuwepo wadogo weusi. Walikuwepo wembamba wenye mistari, ukiwaona haraka unadhani nyuki, mpaka ukimshika mmoja unaona hana mwiba. Nyuki wenyewe walikuwa wachache, maana kwetu hapakuwa na mizinga wala pori la kuwaweka. Nilikuwa nakaa chini ya mti ule saa nzima nikiwatazama, kwa sababu dada alikuwa na wageni mbele na mimi huku nyuma ndio hao niliokuwa nao.

Ndipo nilipogundua wizi. Inzi alikuwa anatua kwenye kibonge cha ua langu, anajipaka, anatambaa, mpaka miguu na kifua vinakuwa vya njano. Kisha anaruka. Nikamfuata mmoja kwa macho, akapita juu ya paa la jiko, akaenda mbele. Nikakimbia kuzunguka nyumba. Sina hakika kama niliyemkuta kule ni yuleyule, lakini kwenye msuku wa Otilia nilimkuta inzi mwenye mistari amesimama juu ya kijiua cha kijani, na ana unga wa njano kifuani. Na unga ule mti wa Otilia hauna. Nilikagua tawi baada ya tawi. Hauna kabisa.

Kichwani mwangu mambo yalijipanga yenyewe. Masuku yalikuwa yangu. Yalikuwa yanaanza kwangu, kama unga, na inzi walikuwa wanayachukua kidogokidogo na kumpelekea dada, kwa sababu hata inzi wanajua nani anapendwa nyumba ile.

Nilimwendea mau jikoni. Alikuwa anapepeta. Nikamwambia, "Mau, inzi wanachukua masuku yangu wanampelekea Otilia."

Mau alicheka mpaka akaweka ungo chini. Alipomaliza kucheka alinifuta uso kwa khanga, akaniambia masuku yanatoka kwa Mungu, inzi wanatoka chooni. Jioni akamsimulia baba. Baba akawasimulia wenzake wa karakana. Haikupita wiki jina likafika shuleni, nikawa Mama Inzi. Wakiona inzi dirishani walikuwa wananigeukia, "Mama Inzi, wanao wanakuita." Otilia naye aliniita hivyo, mara chache, na kwa kucheka, si kwa ubaya. Lakini yeye walikuwa wanamwita Mama Masuku, na nilikuwa najua tofauti.

Wenzangu wa rika langu mnawakumbuka mabwana afya. Kipindi kile watu mjini walikuwa wanaharisha, ikatangazwa kila nyumba ikaguliwe. Wa kwetu alikuja wakati wa maua, na baiskeli na viatu vyake vya mvua. Alikagua choo, akasema kifunikwe. Alikagua shimo la taka, akasema liko karibu. Halafu akasimama chini ya msuku wangu, akasikia ule mvumo juu ya kichwa, akatazama juu. Mau aliinamisha macho kwa aibu. Mvumo ule ulikuwa mkubwa kweli, na ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye sufuria.

Bwana afya aliuliza mti huo unawafaa nini. Baba akasema haufai kitu, haujawahi kuzaa, ni dume.

Neno dume nililisikia nikajua mwisho umefika. Nyumbani tulikuwa na mipapai, na sheria ya mipapai ilikuwa moja. Ukikua ukatoa maua ya kuning'inia bila tunda, ni dume, baba anachukua panga. Hakuna aliyeulilia mpapai dume. Unakata dume, jike linaendelea kuzaa palepale ulipoliacha, na hilo tulikuwa tumeliona kwa macho. Siwezi kumlaumu baba. Alichukua alichokijua kwa mipapai akakiweka kwenye msuku. Hakuwaza kwamba mipapai dume ilikuwa imejaa kwa majirani, lakini misuku ya majirani wote ilikuwa imeishia kwenye matanuru.

Alichukua shoka siku hiyohiyo. Nilimshika suruali. Nikamwambia kitovu changu kiko hapo. Akaniambia kitovu kitabaki palepale, hakihami, na atanitengenezea kitanda kwa mbao zake. Ni kweli aliniahidi kitanda na ni kweli alikitengeneza, ila mbao zilikuwa za mninga, maana ule msuku walikuwa wameshaupasua kuni. Uliangukia upande wa choo. Maua yalipukutika yote, na inzi wakainuka kama moshi, wakazunguka pale juu, mahali ambapo mti haupo. Bwana afya aliwapiga kwa kofia. Nisiwe na upendeleo: inzi wa chooni ni wabaya, wanaua watoto, na alichokuja kukifanya kilikuwa kizuri. Sijui tu kama hawa walikuwa haohao.

Usiku ule sikula. Otilia alikuja kitandani akaniambia, "Usilie, wangu utakuwa wetu wote." Wote mbele ya taa wakamtazama jinsi alivyo na roho nzuri.

Baridi ikaja, ile ya Songea inayopasua midomo. Wakati wa baridi ndio vitunda vya msuku vinaonekana, vigumu, vya kijani, kama gololi. Mwaka huo havikuonekana. Otilia alikuwa anazunguka mti wake na shingo imeinuka. Mau akasema utakuwa umechelewa. Baba akasema mti nao unapumzika, kama shamba. Mimi nilikuwa natazama kuliko wote. Ndani yangu kulikuwa na kitu kidogo kilichokaa kimya na kufurahi, na pembeni yake hofu kubwa. Kwa sababu nilikuwa nimetamani. Nilikuwa nimelala nasikia yakidondoka nikatamani yasidondoke. Sikufanya kitu, sikumwaga kitu, sikusema kitu. Nilitamani tu. Ila kutamani nilitamani sana.

Mvua za kwanza zikanyesha, na usiku hapakuwa na sauti ya kitu kuanguka.

Siku chache kabla ya Krismasi akaja Shangazi Generosa, dada mkubwa wa baba. Shangazi alikuwa mtu wa kusikilizwa. Akiingia hata kuku walikuwa wanapisha mlango. Kila mwaka alikuwa anaondoka kwetu na kapu la masuku, na mwaka huo alikuwa amekuja na makapu mawili. Tulimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yakiwa juu ya mti. Akauzunguka. Akaugonga kwa kidole kama mtu anayepima chungu. Akauliza mti umefanywa nini.

Wakaanza kumweleza. Mara mvua, mara kupumzika. Kisha, sijui nani alianza, ikaja hadithi ya Mama Inzi, waliyoisimulia wakicheka: kwamba mdogo mtu alidai inzi wanamwibia masuku wanampa dada yake, na kwamba siku mti wake ulipokatwa hakula. Shangazi hakucheka. Akasema niletwe.

Nilisimama mbele yake mikono nyuma. Akaniuliza taratibu, na nakiri hakunikaripia.

"Mti wa dada yako uliuonea wivu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ulitamani usizae?"

Nikafikiri vizuri, maana katekista alikuwa ametufundisha kutosema uongo hata mdogo. "Siku nyingine," nikasema.

Akamgeukia baba. "Umesikia, kaka. Mimi simsingizii mtu. Kijicho kipo, na kinakausha. Hawa wawili hawawezi kukaa paa moja. Leo mti, kesho nini?"

Mau akasema, "Ni mtoto huyu, wifi."

"Hata nyoka anaanza mtoto."

Pale nilijua kinachotakiwa. Shangazi alitaka niondoke nyumbani nipelekwe Maposeni kwa bibi, mama yake mau, mpaka moyo upoe. Nilimtazama baba. Baba alikuwa anatazama mikono yake. Nilimtazama mau, na mau alikuwa anatazama mti. Nilikuwa nangoja mmoja aseme kwamba mtoto hawezi kukausha msuku kwa macho. Ningeliamini mara moja. Mimi mwenyewe sikuwa na nguvu ya kulisema, kwa sababu sikuwa na hakika kwamba siwezi.

Aliyesema ni Otilia. Alitoka nyuma ya mlango, akanishika mkono, akasema, "Akienda yeye, na mimi naenda."

Basi ikawa ni Otilia tena. Shangazi mwenyewe alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mnauona moyo wa huyu, akasema, mti wake umekauka na bado anamtetea. Mau akamkumbatia. Nilikuwa bado nimeshikwa mkono, na nilitamani kuuvuta. Ilikuwa siku yangu ya kuhukumiwa, na hata hiyo sifa alichukua yeye.

Sikukuu ilipopita nikapelekwa Maposeni. Otilia hakuja, haikuwezekana, alikuwa na shule. Niliambiwa ni kwa muhula mmoja. Ukaongezwa, ukaongezwa, mpaka nikamaliza la saba kulekule. Sisemi nilikosa sekondari kwa ajili ya masuku. Mtihani niliufeli kwa mkono wangu, na Otilia wa kwake aliufaulu kwa mkono wake. Lakini huwa najiuliza, na kujiuliza hakukatazwi.

Kwa bibi maisha hayakuwa mabaya. Alikuwa na shamba la mahindi, na juu ya shamba kilima chote kilikuwa misuku ya pori, isiyo ya mtu. Nilikuwa nasita kuitazama. Nilipoingia pale nilikuwa nainamisha macho chini, nisije nikaukausha msitu mzima watu wakakosa chakula. Bibi aligundua akaniuliza naogopa nini. Nilipomweleza akanishika kidevu akakiinua, akasema nitazame ninavyotaka, kama macho ya mtoto yangekuwa yanaua angekuwa ameshanituma kwenye ngedere wanaomlia mahindi.

Nikatazama. Misuku mingine ilikuwa imejaa, mingine ilikuwa mitupu, na mitupu ilikuwa mingi. Masika yaliposhika mitupu ikawa ya njano, na ule mvumo niliujua kabla sijafika. Nikamuuliza bibi kwa nini haikatwi, mbona haizai.

"Na wewe hujazaa," akasema, "mbona tunakupikia ugali?"

Hakujua zaidi ya hapo. Hakuwa na sababu ya kuikata, basi akaiacha. Na masuku yalikuwa mengi kila mwaka pamoja na mimi kuyatazama. Hilo lingemtosha mtu mwingine mwenye akili, lakini mimi nilijiambia kwamba yale sikuyaonea wivu ndiyo maana yakapona.

Nimekua na jambo hilo. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo. Mtoto wa jirani akiwa mnene nilikuwa simsifii, nisije nikamdhuru. Mahindi ya mwenzangu yakipendeza napita upande mwingine wa njia. Watu wa hapa Lizaboni wanasema mimi ni mtu wa kujitenga. Ilikuwa tahadhari tu.

Msimu uliopita kikundi chetu cha akina mama tulijipanga kupata miche ya matunda ya asili, akaja binti mmoja wa idara ya misitu kutuelekeza. Mdogo tu, mchangamfu. Alipofika kwenye msuku akasema huu una dume na jike, kila mmoja mti wake, mkipanda jike peke yake mtakaa mnatazamana naye. Unga unatoka kwa dume, lazima ufikishwe kwa jike, na wanaoufikisha ni wadudu. Nyuki wakiwepo, nyuki. Na inzi, akasema, tena hao msiwadharau, kuna mahali wao ndio wanaofanya kazi kubwa. Sikumbuki maneno yote, huenda alitaja na wengine. Wenzangu walicheka. Mmoja akamuuliza kama sasa tufunue vyoo tupate masuku, binti naye akacheka, akasema vyoo mfunike.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi. Nilimwona inzi yule mwenye mistari na kifua cha njano akipita juu ya paa la jiko. Alikuwa hajaiba. Na mimi sikuwa nimekausha.

Nilichukua bodaboda moja kwa moja mpaka Mshangano. Baba alishatangulia mbele ya haki. Shangazi Generosa naye. Nyumba anakaa Otilia na wanawe, na ndiye anayemtunza mau. Hilo nalo linanichoma kila nikienda, ingawa mimi mwenyewe nyumba yangu ya kupanga ina vyumba viwili na nisingeweza kumweka. Otilia alikuwa anachambua maharage barazani. Msuku wake bado upo pale mbele, mkubwa, mtupu. Hajawahi kuukata, kitovu chake kiko pale. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, pumzi juu juu. Aliacha kuchambua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akautazama ule mti.

"Kwa hiyo hakikuwa kijicho," akasema.

Ningeweza kuitikia tu. Lakini nilifikiri. "Siyo kijicho kilichoukausha. Kijicho chenyewe nilikuwa nacho, dada."

"Nilikuwa najua." Akatabasamu. "Kimeisha?"

"Bado."

Akacheka, akanisogezea ungo tuchambue wote. Kabla sijakaa, mau akaita kutoka ndani. Macho yake yameingia ukungu, na siku hizi majina yanamchanganya. Aliita, "Otilia, maji." Otilia akaanza kuinuka, kisha akakaa tena. "Nenda wewe," akasema. "Kamwambie mwenyewe."

Nikachota kikombe, nikaingia. Chumba kilikuwa na giza la mapazia. Nilimwinua mau kichwa akanywa, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia kwamba ule msuku wa mbele ulikosa dume. Kwamba baba alipoukata wa nyuma, na wa mbele ukaishia hapo. Nilisema polepole, niliogopa asinielewe. Alinisikiliza akiwa amenishika vidole. Sijui alichokisikia ni kipi.

Akasema, "Nami nilikuwa nawaza hivyo, Otilia. Mdogo wako tulimpeleka Maposeni bure. Mtoto mdogo vile. Sikumtetea." Akavuta pumzi. "Ukimwona umwambie mama yako anamwomba msamaha. Mimi naona haya kumwambia."

Neno lile nilikuwa nimelingoja tangu siku ile niliposimama mikono nyuma. Sasa limekuja, na aliyepewa ni Otilia.

Nilifikiri kumwambia ni mimi. Nikamtazama mkono wake ulivyotulia juu ya wangu, jinsi uso wake ulivyolegea baada ya kulitua, nikaona nikisema atalibeba tena.

"Nitamwambia, mau," nikasema.

"Atakubali?"

"Amekubali."